Bi Taya Yupo Kazini

Picha yenyewe ilipigwa saa nne asubuhi, jua limekaa vizuri, na mwanamke aliyepigwa hakuwa na habari. Alikuwa ametoka tu mlangoni mwa karakana yake kutazama rangi. Mtengeneza meno ya bandia hawezi kuiamini taa ya ndani. Taa inamdanganya aone jino limefanana na wenzake, kumbe mwenye jino akitoka nje anaonekana kama kaazima la jirani. Kwa hiyo Fundi, maana hivyo ndivyo wote walivyomwita, alikuwa na desturi ya kutoka nje na kazi yake mkononi na kuigeuzageuza juani.

Siku hiyo alishika taya la juu kwa mkono wa kulia na la chini kwa mkono wa kushoto. Uso ulikuwa umejaa vumbi la plasta hadi kwenye kope. Miwani ya kukuzia, ile ya kazi, ilikuwa imeyafanya macho yake yawe makubwa kama visahani. Na alikuwa amekenua meno yote, kwa sababu rangi ilikuwa imekubali baada ya siku tatu za kumsumbua.

Ng'ambo ya barabara mtu fulani aliyekuwa kwenye foleni ya benki aliinua simu. Kufika mchana, picha ilikuwa imerushwa kwenye kundi la mtandaoni liitwalo Kiwanda cha Mazimwi, lenye watu zaidi ya elfu arobaini wasiojuana. Mchezo wao ulikuwa mmoja: mtu huleta picha ya ajabu, na wengine huongeza kila mmoja kitu kimoja, hadi zimwi likamilike. Mtu mmoja, kitu kimoja, hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yao.

Wa kwanza akalipa zimwi hilo jina, Bi Taya. Wa pili akalipa safu tatu za meno. Mwingine akasema Bi Taya hula vicheko, na ukicheka peke yako chooni, ujue umemwita. Aliyejiita Supu Baridi akaandika kwamba anauogopa mswaki mpya lakini mswaki mkuukuu anauamkia. Mjomba Betri akaongeza mguu wa tatu, bila kueleza ni wa kazi gani. Kukawa na michoro, kukawa na wimbo, kukawa na picha za Bi Taya amesimama nyuma ya maharusi, amekaa kwenye kiti cha kinyozi, amepanga foleni ya maji na ndoo yake. Watu walicheka hadi machozi.

Halafu mmoja aliyejiita Mfalme wa Jumanne akaandika sentensi mbili: "Meno huyang'oa kwa maiti. Asubuhi huyavalisha walio hai." Hiyo ndiyo iliyopendwa kuliko zote.

Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana, binti wa Fundi alikuja karakanani badala ya kula kazini kwake. Alikuwa muuzaji katika duka la miwani, msichana wa miaka ishirini na minne asiyejua kuficha jambo usoni.

"Mama, usikasirike."

"Nikasirike kwa nini? Kuna aliyekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Umekuwa zimwi."

Fundi akajifuta mikono kwenye aproni, akaichukua simu, akasoma. Alianza kwa kutabasamu, akaja akacheka, mwisho akajishika mbavu na kuegemea meza. Akaisogeza simu karibu na miwani.

"Nani kachora hili? Magego ameyaweka mbele! Zimwi lenyewe litatafunaje? Litakufa njaa hili."

Akaendelea kushuka na kidole. Alipofika kwenye sentensi za Mfalme wa Jumanne kicheko kikakatika kama bomba lililofungwa.

"Hii haichekeshi."

"Wanatania tu, mama. Ni upuuzi wa mtandaoni."

"Mguu wa tatu ni utani. Hii ni kazi yangu." Akairudisha simu. "Miaka ishirini na sita, mwanangu. Sijawahi kumtilia mtu mdomoni kitu ambacho nisingekitia mwangu."

Alitaka kuamini kwamba mambo yangeishia hapo. Hayakuishia. Jumatatu mwalimu wa muziki, mama mmoja mpole aliyekuwa amevaa meno yake mapya kwa siku nne tu, aliyarudisha yamefungwa kwenye leso.

"Fundi, nakuomba uniambie ukweli. Haya yametoka wapi?"

Fundi akavuta droo na kumtolea vibao vya nta ambavyo meno ya plastiki hununuliwa yamebandikwa juu yake, sita sita, kila kibao na namba ya rangi. Akamwonyesha unga wa waridi unaofanya fizi. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali kila kitu, akashukuru, akaondoka. Leso na meno akaviacha mezani.

Jumanne vijana walikuja dirishani na simu zao, wakaimba ule wimbo. Jumatano mlango ulikutwa umechorwa safu tatu za meno kwa rangi nyekundu. Na Alhamisi akaja kaka yake mkubwa, ofisa wa ardhi, mtu wa suti na sauti ya chini.

"Dada, funga mwezi mmoja. Sema unaumwa. Hawa watu wana akili za kuku, watapata kingine cha kuchekea."

"Nikifunga watasema nini?"

"Watasema nini? Hawatasema kitu."

"Watasema kweli. Watasema alikuwa na maiti ndani, kakimbia."

"Fikiria jina la ukoo basi! Jana mtu kaniuliza ofisini kama Bi Taya ni ndugu yangu."

"Ukamjibu nini?"

Kaka akaangalia saa yake. Fundi akaelewa, na hakumuuliza tena. Alichukua faili lake dogo akaendelea kusugua ukingo wa taya, na ile sauti ya kukwaruza ikamtoa kaka yake nje upesi kuliko maneno.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa bado. Kazi zake nyingi zilitoka kwa daktari wa meno mmoja mwenye kliniki ghorofa ya pili, hatua chache kutoka pale. Kwa miaka kumi na miwili daktari alichukua vipimo vya midomo ya wagonjwa, Fundi akatengeneza, daktari akawavalisha. Ijumaa alipopeleka boksi la wiki kama kawaida, daktari alifunga mlango wa chumba chake kwanza.

"Fundi, mimi na wewe tumetoka mbali. Lakini wagonjwa wanakuona ukipanda na boksi, wanauliza. Tufanye hivi: uendelee kuniletea kazi kimyakimya, na nikiulizwa nitasema sikujui. Nitasema meno yangu yanatoka nje ya nchi. Tena kwa kweli, siku zote nimekuwa nikisema hivyo."

"Siku zote?"

"Wagonjwa hupenda kusikia hivyo. Wanajiona wamevaa kitu cha maana."

Fundi alihisi masikio yanawaka. Miaka kumi na miwili alikuwa akipita njiani na kuwaona watu wakicheka kwa meno yake, na akijua, au akidhani anajua, kwamba mahali fulani jina lake lilitajwa.

"Daktari, sasa hivi ndipo ninapohitaji useme unanijua. Waambie meno yao nimeyatengeneza mimi, kwa plastiki, kwa mikono hii. Maneno mawili tu kutoka kwako yatazima moto."

"Siwezi. Nina jina la kulinda."

"Na mimi nina nini?"

Fundi akaliacha boksi juu ya kiti cha mgonjwa. Trei ya vipimo vipya aliyoandaliwa hakuigusa.

"Basi hii ndiyo ya mwisho. Tafuta fundi huko nje ya nchi."

Akashuka ngazi. Hakujua atafanya kazi na nani kesho. Alijua tu kwamba hatarudi kule juu.

Jumatatu iliyofuata alimwambia binti yake amwingize kwenye Kiwanda cha Mazimwi. Binti alijaribu kumzuia. Alimwambia watamrarua, na kwamba mtandaoni mtu mzima hasikilizwi. Mama akanyoosha mkono hadi akapewa simu. Aliandika kwa kidole kimoja, polepole, akitafuta kila herufi:

"Mimi ndiye niliye kwenye picha. Ni fundi wa meno ya bandia. Nipo karakanani saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Jumapili napumzika. Kila aliyeongeza kitu ajitokeze aseme aliongeza nini."

Majibu yakamiminika. "Zimwi lina saa za kazi!" "Jumapili hatuliwi, jamani, chekeni kwa raha zenu." "Bi Taya, naomba kazi ya muda, nina meno yangu." Wengi walisema ni mzaha mpya, wakadai uthibitisho. Fundi akajipaka vumbi la plasta, akavaa miwani, akatoka mlangoni na mataya mawili mkononi, na binti akampiga picha pale pale pa mwanzo. Safari hii hakukenua. Alifunga mdomo na kuitazama kamera kama anayesubiri kupewa jibu.

Kisha akatokea Mjomba Betri.

"Shikamoo mama. Mimi niliongeza mguu tu."

"Marahaba. Mguu baki nao."

"Mimi ni safu tatu za meno," akaandika mwingine. "Naomba radhi."

"Usiombe radhi. Panga upya. Magego hukaa nyuma."

"Mama, mimi Supu Baridi, yule wa mswaki. Je, ni kweli unaogopa?"

"Ninachoogopa ni watu wasiokuwa nao."

Alijibu hivyo tangu saa nne hadi adhuhuri, mmoja baada ya mwingine, bila kumpendelea mtu. Kila mmoja alikuwa ameongeza kidogo tu. Wa macho alisema macho, wa kucha alisema kucha, na hakuna aliyeona kwamba alikuwa amemgusa mtu. Mwenye kundi mwenyewe akaandika kwa adabu kwamba wako tayari kufuta kila kitu, picha na yote.

"Msifute," Fundi akajibu. "Zimwi ni lenu, endeleeni nalo. Kazi ni yangu. Kuna sentensi mbili humu zinasema ninang'oa meno ya maiti, na watu wameziamini, na wagonjwa wamenikimbia. Aliyeziandika aje karakanani mwenyewe. Siwezi kumng'ata, nina safu moja tu. Na Jumamosi nitafanya kazi mlango wazi. Anayetaka kuona meno yanatoka wapi, aje."

Mfalme wa Jumanne hakuandika neno.

Jumamosi wakaja watu kama thelathini. Wengine walikuja kucheka, na kijana mmoja alivaa mataya ya karatasi usoni. Supu Baridi akawa ni muuguzi mnene mwenye kicheko kikubwa, akaja na mswaki mpya ndani ya pakiti na kumkabidhi Fundi kwa mikono miwili kama cheti. Watu wakaangua kicheko, Fundi naye akacheka, kisha akawaambia wasogee wasimzibie mwanga.

Alikuwa na seti moja ambayo meno yake yalikuwa yamekwisha kupangwa kwenye nta. Akawaonyesha anavyoizamisha katika plasta ndani ya chuma cha vipande viwili, anavyokichemsha hadi nta iyeyuke itoke, na meno yanavyobaki yamekamatwa kwenye plasta, na nafasi tupu pale penye fizi. Akachanganya unga wa waridi na maji yake makali yenye harufu, watu wakaziba pua, akausubiri uvutike kama donge la unga wa mkate, akaujaza, akakaza chuma kwa mikono yote miwili na kukirudisha kwenye maji ya moto. Binti alikuwa akipiga video. Kelele za mzaha zilikuwa zimepungua zenyewe. Watu walikuwa wakiuliza maswali.

"Sasa ni kusubiri saa mbili," Fundi akasema. "Nendeni mkale."

Wageni wakatoka wote ila mmoja, mwanamume wa miaka hamsini hivi, mwenye tai, aliyekuwa amesimama karibu na mlango tangu asubuhi. Alijisogeza. Alipoanza kuongea aliweka mkono mbele ya mdomo.

"Mama, mimi ndiye Mfalme wa Jumanne. Nafanya kazi ofisi ya bima. Nimekuja kama ulivyosema."

Fundi alikuwa ameyaandaa maneno ya kumpasha tangu Jumatatu. Aliyapanga akiwa kitandani, aliyapanga akioga. Sasa akamkodolea macho na maneno yote yakampotea, maana mkono wa yule bwana ulikuwa umeshuka kidogo.

"Hebu toa mkono mdomoni."

"Samahani?"

"Toa mkono. Geuka kwenye mwanga." Akamshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto. "Hilo jino la pembeni, la kushoto, limezunguka kidogo. Nililizungusha mimi. Miaka mitatu iliyopita. Daktari aliniletea picha yako ya zamani, nikaona lako la asili lilikuwa hivyo, nikasema nikilinyoosha mkewe hatamtambua."

Yule bwana akatafuta stuli kwa mkono, akakaa.

"Daktari aliniambia yametoka nje ya nchi."

"Najua alichokuambia."

Yule bwana akasema akitazama viatu vyake. "Hakuna anayejua kwamba nayavaa ila mke wangu. Kila asubuhi nikiyavaa nahisi kama nimevaa kitu cha marehemu. Nikaiona ile picha, nikaandika hivyo. Watu elfu tisa wakacheka. Nikajiona nimetua mzigo."

"Mzigo ukautua kichwani kwangu."

"Ndiyo, mama."

Fundi akageuka, akamwona binti yake ameinua simu, bado anapiga video, macho yamemtoka. Pale pale mkononi mwa binti kulikuwa na kisasi chote ambacho mtu angeweza kukitamani.

"Zima," akamwambia.

"Lakini mama..."

"Zima, nimesema. Na hayo uliyoyachukua yafute. Yaliyo mdomoni mwake ni yake." Kisha akamrudia yule bwana, na sauti haikuwa na huruma. "Wewe chukua simu yako. Andika hapa hapa, mbele yangu, kwamba uliongopa."

"Wataniuliza najuaje kwamba ni uongo."

"Ulipoutunga uliulizwa unajuaje?"

Akaitoa simu. Aliandika: "Ile habari ya maiti niliitunga mimi. Ni uongo. Leo nimemwona akifanya kazi toka mwanzo." Akataka kuirudisha simu mfukoni, akasita. Akaongeza mwenyewe, bila kuambiwa na mtu: "Na meno niliyonayo mimi ni ya bandia. Ameyatengeneza yeye."

Akaituma kabla hajabadili mawazo, akailaza simu mezani kifudifudi kama karata mbaya.

"Yanakuuma hapo chini, upande wa kulia," Fundi akasema. Hakuwa anauliza.

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Kwa nini hukumwambia daktari?"

"Nilidhani ndivyo yalivyo."

"Yatoe."

Aliyasugua kwa dakika kumi, akampa ayavae, akayatoa tena, akasugua. Mara ya tatu yule bwana alifunga mdomo, akatafuna hewa, na macho yakamlegea kama mtu aliyevua viatu baada ya msiba mrefu.

Simu ikaanza kutetemeka mezani na haikuacha. Walimcheka, hilo lilitarajiwa. Walimwita Mfalme wa Kibogoyo. Lakini kabla watu hawajarudi kutoka kula, mtu mmoja alirusha picha ya meno yake mwenyewe yamekaa juu ya usukani wa gari, ameandika, "Dereva wangu." Mwingine akayaweka kwenye sofa mbele ya televisheni. Bibi mmoja akayavisha miwani. Kufika jioni Kiwanda cha Mazimwi kilikuwa kimejaa meno ya bandia ya kila mtu, yanasoma gazeti, yanapiga pasi, yanagombea uongozi wa kundi, na wenyewe wakijitaja bila haya.

Uongo haukufa wote. Mahali pengine, kwenye makundi ambayo Fundi hakuyajua, sentensi mbili za maiti ziliendelea kutembea bila ile ya kuzikanusha, na hadi leo yupo anayeziamini. Daktari wa ghorofani hakumwita tena, wala Fundi hakupanda zile ngazi. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa migumu. Cheti chake kilimruhusu kupima wagonjwa mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilihitaji mara nyingi, sasa akalifanya kila siku. Mwalimu wa muziki alirudi, hakusema mengi, akavaa yale ya kwenye leso mbele ya kioo na kujaribu noti tatu za juu. Mfalme wa Jumanne alimleta shemeji yake. Muuguzi alileta watu kwa makundi.

Kaka naye alikuja, safari hii akiwa na makaratasi ya mchoro wa kibao kipya cha mlangoni, ameandika jina kamili la dada yake kwa herufi za heshima. Fundi akayasoma, akamshukuru, akachukua kalamu, akalikata jina lile na kuandika juu yake BI TAYA, MENO YA BANDIA.

"Dada, utatuua kwa aibu."

"Aibu ni ya anayeiona. Mjomba wa binti yangu, nikamatie ngazi."

Akapanda mwenyewe na nyundo. Kaka akakamata ngazi, akinung'unika, akitazama huku na huku kama kuna anayemjua anapita.

Misumari ilikuwa haijaisha alipotokea mama mmoja mtu mzima, anaongozwa na bintiye, mtandio umeziba nusu ya uso. Wakasimama chini ya ngazi. Yule mama akakitazama kibao, akatazama viatu vilivyojaa vumbi la plasta juu ya kichwa chake, akamnong'oneza bintiye kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia.

"Ndiye huyu wanayemsema?"

"Ndiye mimi," Fundi akajibu kutoka juu, misumari miwili kwenye midomo. Akaitema mkononi, akashuka, akawafungulia mlango. "Karibu ndani, mama. Kaa hapo penye mwanga, ufungue mdomo nione."